Maswali Yenu kwa Maalim: Bajeti ya Kurasa 9, Mimi Mistari 2

Mwezi huu barua tatu zimekuja kwa mlango mmoja: pesa za utafiti wa teknolojia, zinatoka wapi na zinamfikia nani. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa. Aliyeiandika nilimjibu kwanza ana kwa ana, maana alikuwa amepewa siku chache za kuamua. Ninayoandika hapa ni yale niliyomwambia, kwa idhini yake.

Je, nitie saini?

Maalim, assalaam alaikum. Mimi ni binti wa Shela, kisiwani Lamu, miaka 26, nimesomea umeme na elektroniki katika chuo cha kiufundi. Kisima chetu nyumbani kimeanza kubadilika ladha. Aliyetambua kwanza ni bibi yangu: majani ni yale yale, sukari ni ile ile, lakini chai haina raha. Nikaunda kifaa cha kupima chumvi. Ni paipu ya plastiki ya urefu wa mkono, ndani mna bodi ndogo ya kompyuta na betri niliyoitoa kwenye simu kuukuu, na chini zimetokeza pini mbili za chuma kisichoshika kutu. Kila saa kinapima na kunitumia namba kwa ujumbe wa simu. Cha kwanza kiliingia maji kikafa. Hiki cha pili kimenigharimu shilingi 6,400 na kina miezi 8 kisimani.

Nimeomba ruzuku mara tatu ili niweke vifaa kwenye visima vingi zaidi. Mfadhili wa kwanza alitaka taasisi iliyosajiliwa, yenye hesabu zilizokaguliwa za miaka 3. Wa pili alitaka niweke nusu ya pesa mwenyewe. Wa tatu alisema wazo ni zuri ila sina makala yoyote niliyochapisha.

Sasa amekuja mtafiti kutoka chuo kikuu kimoja cha Ulaya. Ana ufadhili wa miezi 18 wa kupima chumvi kwenye visima vya visiwani. Amekiona kifaa changu, amekisifu, na anataka niwe mshirika wao mwenyeji. Nimeomba kuona bajeti. Ina kurasa 9, na mimi nimo katika mistari miwili: posho ya siku na nauli ya mtaboti. Wanataka saini yangu kabla ya Ijumaa. Mama anasema nishukuru, kwani pesa kidogo ni bora kuliko kukosa. Je, nitie saini? Na je, hii ni haki?

*Binti wa Shela*

Wa alaikum salaam, mwanangu. Nilikuja Shela maji yakiwa yamekupwa, na kabla ya kukaa dakani nikataka kwanza kukiona kifaa. Ulikivuta kwa kamba, kikatoka kinachuruzika, na zile pini mbili zimevaa utando wa kijani. Uliupangusa kwa upindo wa leso kabla hujaniambia neno. Kisha ukanionyesha daftari. Lina safu tatu: saa, namba, na hali ya maji. Ni hiyo safu ya tatu iliyonishika. Umeandika kwa mkono wako "kujaa", "kupwa", "bamvua", "maji mafu", kwa sababu kifaa hakijui bamvua na wewe unajua. Nikafuata kwa kidole: siku za bamvua, bahari ikijaa na kupwa sana, namba zinapanda; siku za maji mafu, ikijaa na kupwa kidogo, zinatulia. Mgeni angetumia mwaka mzima kugundua kwamba safu hiyo inahitajika.

Wasomaji ambao hawajafika Shela wajue kwa nini jambo hili si dogo. Chini ya vile vilima vya mchanga, maji ya mvua hayakai kama ndani ya birika. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Wanajiolojia wana kanuni yao: kwa kila meta 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban meta 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Igeuze hesabu hiyo uone inavyotisha. Mkivuta mpaka maji yakashuka sentimeta 10, chumvi yaweza kupanda meta 4. Na mji wa Lamu unategemea visima vya vilima hivyo. Swali analouliza binti huyu kwa kifaa cha shilingi 6,400 ndilo swali la mji mzima.

Sasa tuje kwa wale wafadhili watatu. Mimi nilikaa miaka 17 kwenye kiti cha mhasibu wa miradi ya utafiti hapa Pwani, kwa hiyo milango hii naijua kwa upande wa ndani. Masharti yale hayaandikwi na watu wabaya. Mfadhili naye anamwogopa mkaguzi wake. Ruzuku ya dola 5,000 inamla makaratasi karibu sawa na ruzuku ya dola 500,000, basi anapenda kutoa chache zilizo kubwa, na kuzitoa kwa taasisi ambayo tayari ina mhasibu, mwanasheria na vitabu safi. Aliyekwisha pewa hupewa tena. Ambaye hajapewa huambiwa alete ushahidi kwamba aliwahi kupewa. Nia yaweza kuwa njema kabisa na matokeo yakawa dhuluma, na mimi naiita dhuluma.

Wala si kweli kwamba hakuna njia nyingine. Mwaka 2008 wakfu wa Bill na Melinda Gates ulifungua mpango wa ruzuku ambamo ombi lilikuwa kurasa 2 tu, bila kudai matokeo ya awali, na ruzuku ya kwanza ilikuwa dola 100,000. Mtu aliketi mezani akaamua kwamba wazo ndilo litakalosomwa kwanza. Anayetaka kuupanua mlango anaupanua.

Turudi kwenye kurasa zako 9. Nilizisoma mara mbili, mara ya pili kwa kalamu nyekundu kama zamani. Ukurasa wa 7 una mstari ambao watu wengi huuruka: gharama za uendeshaji wa taasisi. Huo ndio umeme wa ofisi, mhasibu, mlinzi, intaneti, maktaba. Chuo chao kimejiwekea asilimia yake, tena nono. Upande wako pameandikwa sifuri. Yaani ile meza unayofanyia kazi, umeme unaouchajia betri, chumba cha kaka yako ulichokigeuza karakana, vyote ni mchango wako kwa chuo cha Ulaya.

Usidhani ni mradi huu peke yake. NIH, taasisi kuu ya utafiti wa afya ya serikali ya Marekani, kwa miaka mingi imewalipa wapokeaji walio nje ya nchi hiyo asilimia 8 kwa gharama za namna hii, hali vyuo vikubwa vya huko kwao vimejadiliana na serikali vikapata zaidi ya asilimia 50. Fuata mnyororo wake. Kwa asilimia 8 ni shida kumweka mhasibu wa kudumu. Bila mhasibu hakuna hesabu za kukaguliwa. Bila hesabu zilizokaguliwa unarudi pale pale kwa mfadhili wako wa kwanza, aliyekukataa kwa sababu hiyo hiyo. Kazi inafanyika huku, uwezo wa kuendesha kazi unajengwa kule. Miaka 30 ikipita, watu wanauliza kwa nini taasisi zetu ni dhaifu.

Lingine: mradi ukivunjika njiani, nani anaanguka? Uingereza ilianzisha mfuko wa pauni bilioni 1.5 kwa utafiti unaohusu nchi zinazoendelea, uitwao GCRF. Machi 2021, baada ya serikali yao kupunguza misaada, wasimamizi walitangaza pengo la pauni milioni 120 kati ya pesa zilizopo na ahadi zilizokwisha tolewa. Miradi iliyokuwa katikati ya safari ikakatwa. Januari 2025 Marekani nayo ikasimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Mhadhiri wa Ulaya, mradi wake ukifa, mara nyingi ana mshahara wa chuo. Anayelipwa posho ya siku, siku ikiisha imekwisha.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Katika mradi mmoja nisioutaja jina, vijana 6 walirudisha pikipiki na tableti asubuhi moja. Fomu ambazo wanakijiji walijaza kwa miezi 11, wakieleza afya ya watoto wao na maji wanayokunywa, zikabaki kwenye makasha chini ya ngazi mpaka mchwa wakaingia. Hakuna aliyerudi kijijini kuwaambia watu majibu yao yamekwenda wapi. Aliyetia saini fomu za kurudisha vifaa ni mimi. Mpaka leo inaniuma. Kwa hiyo, mwanangu, dai kifungu kinachosema kwamba mradi ukikatishwa utalipwa miezi 2 ya kufunga kazi na kuwapelekea watu wa visima namba zao.

Kisha kuna suala la kitu ni cha nani. Kifungu cha 11 cha mkataba wako kinasema vifaa na data "zitakazotumika au kutokana na mradi" ni mali ya chuo. Neno "zitakazotumika" lisome tena polepole. Kifaa chako kilikuwepo kabla yao. Wakikitumia, kwa maneno hayo, kimekuwa chao.

Natoa mfano unaojulikana na kila mwenye simu. M-Pesa ilianza kwa msaada wa mfuko wa ushindani wa serikali ya Uingereza, karibu pauni milioni 1, uliopewa kampuni ya Vodafone, nayo ikaongeza zake. Majaribio yalifanywa Kenya, huduma ikafunguliwa Machi 2007, na Wakenya ndio waliouonyesha ulimwengu inavyotumika, kuanzia karo ya mtoto hadi mchango wa mazishi. Lakini chapa ya M-Pesa ilikuwa mali ya Vodafone mpaka mwaka 2020, Safaricom na Vodacom walipoinunua kwa pamoja. Sisemi mtu alimwibia mtu. Karatasi zilisema hivyo tangu mwanzo, na ndiyo sababu nakuhimiza usome karatasi tangu mwanzo.

Kabla hujaandika chochote kwa yeyote, piga picha za kifaa zenye tarehe, chora mchoro wake, na upeleke swali lako KIPI, taasisi ya serikali inayosajili uvumbuzi. Hataza kamili, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi peke yako, ni ya miaka 20, ina gharama na masharti magumu. Ila sheria yetu ina cheti kingine chepesi zaidi kwa uvumbuzi mdogo, cha miaka 10. Nadhani kifaa chako kinafaa kuombewa hicho.

Mama yako anasema ushukuru. Namheshimu, ila hapo hatukubaliani. Una nguvu kuliko unavyojiona. Mtafiti wa kigeni hapati kibali cha NACOSTI, tume ya serikali yetu inayotoa vibali vya utafiti, mpaka afungamane na taasisi ya Kenya. Visima ni vya watu wa Shela, na anayefunguliwa mlango wa ua ni wewe. Tena, tangu mwaka 2018 kuna kanuni za maadili ziitwazo TRUST, zilizotungwa kwa ajili ya utafiti katika nchi zenye uhaba, na Tume ya Ulaya imezikubali kwa miradi inayoilipia. Zinasema watafiti wenyeji washirikishwe kila inapowezekana tangu kupanga utafiti, kwenye umiliki wa data, kwenye haki za uvumbuzi na kwenye majina ya waandishi wa makala. Huyo bwana anazijua. Mkumbushe kwa adabu.

Tuliandika pamoja barua ya kumjibu mtafiti, wewe ukishika kalamu. Naiweka hapa kwa faida ya wengine:

"Nashukuru kwa kunialika. Niko tayari kufanya kazi hii kwa masharti haya. Kifaa changu kitajwe katika kiambatisho kuwa mali yangu ya awali, nacho mradi utakikodi. Jina langu liwe miongoni mwa waandishi wa kila makala itakayotumia namba za visima hivi, nami nisome rasimu kabla ya kutumwa. Upande wa Kenya upewe asilimia ya uendeshaji iliyo sawa na yenu kwa kazi inayofanyika huku. Namba za kila kisima apewe mwenye kisima, kwa Kiswahili, kila baada ya miezi 3."

Hilo la mwisho ulilisema wewe, mimi sikulifikiria.

Kuhusu hesabu zilizokaguliwa: usianzishe shirika lako la peke yako kwa ajili ya ruzuku moja. Utazeeka ukijaza fomu za kodi. Nenda Kilifi, Chuo Kikuu cha Pwani, utafute mhadhiri anayeshughulika na maji au mazingira, umpelekee daftari lako badala ya barua ndefu. Chuo kikikukaribisha chini ya paa lake, hesabu zake zinakuwa ngao yako, na safari ijayo mwombaji mkuu aweza kuwa Mkenya.

Nisiwalaumu wageni peke yao. Sheria yetu ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013 ndiyo iliyounda Mfuko wa Taifa wa Utafiti, na ikasema kwa maandishi kwamba mfuko huo upate asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Umoja wa Afrika wenyewe umeweka lengo la asilimia 1. Kenya haijatimiza hata hilo dogo. Fundi wa Shela anabisha hodi Ulaya kwa sababu mlango wa Nairobi una komeo. Asilimia 2 ni sheria, si ombi, na mbunge anayekuja kwetu na mipira ya kandanda wakati wa kampeni aulizwe habari zake hadharani.

Hukusaini Ijumaa ile. Hadi naandika haya wamekubali kiambatisho cha kifaa na jina kwenye makala. Namba kwa wenye visima wamekubali pia, tena wamesema wamelipenda. Kuhusu asilimia ya uendeshaji wamejibu kwamba wataangalia. Subiri waangalie. Mvua za masika hazijafika, na kisima hakiendi popote.

Mwanangu ameambiwa alipe kwanza

Maalim, mwanangu ana programu ya simu ya kuwasaidia wavuvi kuuza kaa bila dalali. Ameandikiwa kwamba amechaguliwa kupata ruzuku ya dola 20,000 ya vijana wa Afrika, ila atume shilingi 15,000 kwanza za kushughulikia maombi. Wamempa namba ya simu ya kutumia. Anataka niuze mbuzi wawili. Nifanyeje?

*Mama wa Langoni*

Mama, mbuzi wabaki zizini. Anayekupa ruzuku hakutozi ada ili akupe. Mfadhili wa kweli ana tangazo la wazi lenye makataa, ana masharti yanayosomeka, anauliza maswali kuhusu kazi yenyewe, na pesa zake zinatoka kwake kuja kwako kupitia benki na mkataba. Muulize kijana maswali mawili tu. Aliomba lini ruzuku hiyo? Na waliuliza nini kuhusu kaa? Kama hakuomba na hawakuuliza, hapo hapana ruzuku.

Asitume nakala ya kitambulisho wala namba ya siri ya simu. Kama ameshatuma kitambulisho, aende kituo cha polisi aandikishe taarifa. Wala usimkaripie sana. Wezi hawa wanakwenda pale penye njaa: kijana aliyekataliwa mara nne kwa haki au bila haki, barua ya kwanza inayomwita "mpendwa mshindi" humtia machozi. Kazi ya kaa ni nzuri. Aje nayo Jumatano baada ya alasiri, tuangalie pamoja pa kuipeleka.

Roketi zilipaa mbele ya nyumba yetu

Shikamoo Maalim. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasomea sayansi ya kompyuta, kwetu ni Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Marehemu babu yangu alikuwa mvuvi, na alikuwa akitusimulia jinsi walivyokatazwa kutega siku za roketi, na mlio wake ulivyotikisa vyombo jikoni. Mimi nimezaliwa roketi zimekwisha. Nimekuta minara tu baharini. Nataka kufanya utafiti wa mambo ya satelaiti, lakini kila nafasi ninayoiona inataka maabara na vifaa ambavyo chuo chetu hakina. Inaniumiza kwamba anga lilifunguliwa mbele ya nyumba yetu na sisi tukabaki nje. Je, kuna nafasi ya haki kwa mtu kama mimi?

*Mwana wa Ngomeni*

Marahaba, mjukuu wangu. Umesema kweli, na uchungu wako una sababu. Kutoka kwenye ile minara, Waitaliano na Wamarekani walirusha satelaiti 9 kati ya mwaka 1967 na 1988. Walipachagua kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia wenyewe unaisukuma roketi na kuipunguzia mafuta. Tarehe 12 Desemba 1970 ikaruka satelaiti ya kwanza ulimwenguni iliyotengenezwa mahsusi kutazama miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya uhuru, ikaitwa Uhuru. Mwaka 2002 mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Neno la Kiswahili liliandikwa kwenye historia ya astronomia kabla Kenya haijawa na shirika la anga. Shirika letu limeanzishwa mwaka 2017. Jina lilikuwa letu, maswali hayakuwa yetu.

Nafasi zipo, ila zitazame vizuri. Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani wana mpango uitwao KiboCUBE, uliowekwa kwa ajili ya vyuo na taasisi za nchi zinazoendelea: wanaochaguliwa satelaiti yao ndogo inaachiwa angani bure kutoka kituo cha kimataifa cha anga za juu. Washindi wa kwanza kabisa, mwaka 2016, walikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na satelaiti yao iliachiwa Mei 2018. Huo ni mlango wa haki kuliko mingi ninayoijua. Lakini kinachotolewa bure ni kule kuachiwa angani. Kuijenga satelaiti ni juu yako, na Nairobi waliijenga kwa ushirikiano na Waitaliano wa chuo kikuu cha Sapienza, Roma. Nafasi ikiwa wazi kwa wote na maabara ikawa ya wachache, bado wachache ndio wanaoingia. Jambo hilo lisemwe kila panapotangazwa nafasi "wazi kwa wote".

Wewe usingoje maabara. Picha za satelaiti za Landsat zimekuwa bure tangu mwaka 2008. Za Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza 2015, ni bure vilevile, na katika picha zake zilizo wazi zaidi kila nukta ni meta 10 kwa 10. Kinachokosekana ni mtu wa kuhakikisha chini kama picha inasema kweli. Huko kwenu kuna mikoko, na kuna mashamba ya chumvi kutoka Gongoni hadi Marereni, na watu wamegombana miaka mingi kuhusu mpaka wa kimoja na kingine. Mtaalamu aliye mbali anaona nukta ya kijani. Hajui kama ni mkandaa au mchu, kama umekatwa ukachipua, au ni mwani uliokwama matopeni.

Chagua kipande kimoja kilicho nyuma ya nyumba yenu, meta 200 kwa 200. Hizo ni nukta 400 za picha. Nenda maji yakipwa, uvae viatu vizee kwa sababu ya chaza, uwe na mzee mmoja anayejua mikoko kwa majina, na simu yenye kuonyesha mahali ulipo. Kila hatua 10 simama, andika mti gani, mzima au umekufa, na saa ya maji. Ukimaliza nukta 100 za kwanza, niletee daftari.